Kidirisha cha Kadi

Mchoraji huyu watu walimwita Bi Mpangilio, na jina lenyewe hakulikataa. Angelikataa vipi? Penseli zake zilisimama kwenye kopo kwa kufuata ugumu, kuanzia ile laini ya kutia kivuli hadi ile kali inayokwaruza karatasi kama ukucha. Brashi zililala juu ya kitambaa, ndogo kwa kubwa, vichwa upande mmoja. Kifutio kilikuwa na kisahani chake, kichongeo na chake. Dada yake, ambaye nyumbani kwake kijiko hakijulikani kiko wapi mpaka kikanyagwe, alipenda kusema kwamba kwa mdogo wake hata vumbi hubisha hodi.

Siku hiyo, saa tatu asubuhi, Bi Mpangilio alikuwa ameshaifuta meza mara mbili. Alimngoja mgeni, mwandishi wa jarida mwenye safu yake kuhusu meza za watu wa kazi za ubunifu: nani anatumia vifaa gani, na vinamsaidiaje kazi yake iende. Alisogeza penseli moja ikae upande, ili meza ionekane ya mtu anayefanya kazi. Akaitazama. Hakuweza kuvumilia, akainyoosha. Tuseme ukweli, kichwa kilikuwa kimemvimba kidogo, na nani wa kumlaumu? Miaka ishirini na mitatu alikuwa amechora vitabu vya shule, mifupa ya mwili, mashine za kusukuma maji, na hajatokea mtu wa kumuuliza anapenda brashi gani.

Mwandishi aliingia na mwavuli unaochuruzika. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo na ndiyo kwanza inakatika. Alikuwa binti wa miaka thelathini hivi, mchangamfu, mwenye kalamu iliyotafunwa mwisho mzima.

"Dada, hii ni meza au duka la sonara?" aliuliza, amesimama mlangoni.

"Ni meza. Ila usiguse kitu kabla sijakueleza."

"Nani aguse? Naogopa hata kupumua."

Wakacheka. Bi Mpangilio akamvutia kiti, akaanza na saa ndogo ya jikoni, ile ya kuhesabu dakika za mkate. Aliitega dakika arobaini ili mgeni aone. "Ikilia, nasimama, nanyoosha mgongo, nakunywa maji. Bila hii ningeshapinda kama ndoano." Akaonyesha taa yenye shingo ndefu inayozungushwa huku na huko. Akaonyesha feni ndogo ya mezani, ya kukaushia rangi. Mwandishi aliandika kila kitu, hata vile ambavyo havikuwa na maana, na Bi Mpangilio akampenda kwa hilo.

"Na hivi vikaratasi?"

"Hivi vya kunata? Bila hivi mimi si mtu." Akavichambua mbele yake. Kazi yake ya mwisho ilikuwa kitabu cha uyoga wa porini, kwa ajili ya watu wanaochuma baada ya mvua: upi unalika, upi una sumu. Picha thelathini na nane. Kwenye picha hairuhusiwi kuandika chochote, maana maneno huwekwa baadaye na msanifu wa kurasa. Kwa hiyo jina la kila uyoga lilikaa kwenye kikaratasi cha kunata, chini ya picha. Wakati wa kupitisha picha kwenye skana, kikaratasi hubanduliwa kisije kikaacha kivuli, kikabandikwa kwenye shingo ya taa, kisha kikarudishwa. "Na mimi situpi hovyo. Kikaratasi kimoja nakitumia mara nne, mara tano."

"Mkono wa birika!" alisema mwandishi, akiandika.

"Utaratibu, mwenzangu. Utaratibu."

Walikwenda hivyo kwa zaidi ya nusu saa, wakitaniana. Kisha mwandishi akauliza lile swali ambalo, kwa mujibu wake, huliacha la mwisho kila anapokwenda. Katika vyote hivi, ukiambiwa ubaki na kimoja tu, ni kipi?

Bi Mpangilio hakufikiri. Alifungua droo akatoa kadi ya kijivu, ukubwa wa kiganja, iliyokatwa tundu dogo la mraba katikati. Kingo zake zilikuwa zimeng'aa kwa kushikwa. "Kidirisha changu," alisema. "Jicho ni mwongo. Ukiweka nyekundu kando ya kijani, jicho linakuonyesha nyekundu ambayo haipo. Sasa mimi naweka hiki juu ya ukurasa, vingine vyote vinafichika, nabaki na rangi moja tu. Ngoja." Akachukua nakala ya kitabu cha uyoga iliyokuwa rafuni, akakifungua popote, akaweka kadi juu. "Unaona? Maneno siyaoni, jina silioni, hata umbo silioni lote. Rangi, basi. Kurasa za kuhakiki zilipotoka kwa mchapaji nilizipitia zote namna hii, siku mbili, na rangi hata moja haikunipita."

Mwandishi aliinama kuchungulia tunduni. Kisha akaiinua kadi ili aone kilichokuwa chini yake, akapiga kofi la furaha.

"Aa! Kumbe ni huu! Huu ndio uyoga wa mama!"

"Mama yako anaujua?"

"Anaujua? Nilipewa nakala moja na mhariri wako wiki mbili zilizopita, nikampelekea. Mama yangu ni mwalimu mstaafu, dada. Kitabu kikisema, kimesema. Amechuma uyoga tangu utotoni na huu mweupe amekuwa akiutupa miaka yote, eti mama yake alimkataza. Jana akanipigia anacheka: kumbe tumetupa chakula kizuri miaka sitini! Leo alfajiri alikuwa aende kuuchuma, maana kwa mvua hii umejaa."

Bi Mpangilio aliutazama ukurasa. Aliutazama wote, bila kadi, kwa mara ya kwanza tangu kitabu kitoke. Juu kulikuwa na mkanda wa kijani, na ndani ya mkanda maneno: UYOGA-MAZIWA. UNALIKA. Chini yake ulisimama uyoga mweupe, na mikunjo iliyo chini ya kofia yake ilikuwa myeupe pia, na shinani, pale unapoingia kwenye udongo, palikuwa na kifuko chembamba kama soksi iliyoshuka.

Kifuko kile alikichora yeye, kwa brashi ndogo kuliko zote, akiwa amebana pumzi. Mtaalamu wa uyoga alikuwa amesimama nyuma yake. Wenyewe walimwita Mzee wa Lenzi, kwa sababu lenzi haikumtoka shingoni. Siku ile alimwambia: hicho kifuko usikikosee, huo unaouchora ndio unaoua.

Alifunua ukurasa uliofuata. Mkanda mwekundu: UYOGA-SANDA. UNAUA. Na chini ya mkanda ule ulikaa uyoga mpole wa watu, mikunjo yake ya rangi ya waridi iliyofifia, shina lake halina kifuko wala chochote.

Saa ya jikoni ikalia. Wote wawili waliruka.

"Dakika zimeisha, dada, nyoosha mgongo," alisema mwandishi akicheka. Kisha akaona uso wa mwenyeji wake, naye akaacha kucheka.

Sasa Bi Mpangilio alikumbuka, na kukumbuka kwenyewe kulikuwa kama kumwagiwa maji baridi. Siku ya skana alikuwa amewasha feni. Aliporudi na glasi yake ya maji alikuta vikaratasi viwili sakafuni, gundi yake imechoka kwa kutumiwa mara nyingi. Aliviokota. Picha mbili nyeupe zilikuwa mezani zikingoja. Alivibandika bila hata kuinua macho sawasawa, kimoja hapa, kimoja pale, akaendelea, kwa sababu utaratibu ulikuwa wake na utaratibu wake haukuwahi kumwangusha. Mzee wa Lenzi alikuwa ameshatia sahihi nyuma ya kila picha kabla ya hapo, sahihi tupu bila jina la uyoga, kisha akaenda hospitali kupasuliwa jicho. Kurasa za kuhakiki hakuzisoma. Mhariri alisoma maneno, na uyoga haujui. Na yeye, yeye mwenyewe, mtu pekee aliyebaki wa kuliona kosa lile, alikuwa ameweka kadi juu yake.

Kwa muda wa pumzi moja alitamani kukifunga kitabu aseme, haya, tunywe chai. Tusimfiche. Mtu akiogopa kweli, wazo la kwanza halina aibu. Lakini pumzi ya pili ilikuja, na kwenye pumzi hiyo alimwona mwanamke mzee asiyemjua akiinama kwenye majani yenye maji.

"Mpigie mama yako," alisema.

"Kwa nini?"

"Mpigie sasa hivi. Mwambie asile. Huu si uyoga-maziwa. Majina yamebadilishana. Nimeyabadilisha mimi."

Mwandishi alichomoa simu, akapiga. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ikaita, ikakatika. Alibonyeza jina la mtu mwingine, akafuta, akarudia. "Hashiki. Simu yake huiacha chumbani, na jikoni redio inapiga kelele kama sherehe. Majirani hawapo karibu. Mungu wangu. Mungu wangu, dada."

"Ni mbali?"

"Saa moja na nusu kwa gari."

Bi Mpangilio alichukua funguo, kitabu, na ile picha yenyewe kutoka kwenye jalada. Kadi aliitia mfukoni bila kujua kwamba ameitia. Mlango aliuacha wazi na taa inawaka, jambo ambalo halikuwahi kutokea ndani ya nyumba ile.

Aliendesha gari akiwa ameshika usukani kwa mikono miwili kama mwanafunzi. Barabara ilikuwa imelowa na malori yalirusha matope kwenye kioo. Mwandishi aliketi kando yake akipiga simu moja baada ya nyingine. Mama hakushika. Mhariri alishika, akasikiliza, akasema nakala zilizokwisha kutoka ni arobaini, zilizobaki ziko ghalani, anafunga ghala dakika hiyo hiyo na kuwafuata watu mmoja mmoja. Sauti yake ilikuwa imekauka. Kisha wakampata Mzee wa Lenzi, jicho lake bado linauguzwa, nyumbani kwake.

"Amekula saa ngapi?" aliuliza.

"Hatujui kama amekula."

"Sikilizeni. Kama amekula, atawaambia yuko mzima. Msimwamini. Uyoga huo haukuumizi mara moja. Unakuacha ucheke, unakuacha hata ulale vizuri, na ndani unakuwa umeshaanza kukutafuna ini. Mkimkuta anaimba, mchukueni anaimba hivyo hivyo. Kila dakika ina thamani. Na picha muibebe. Madaktari wakiuona wataujua."

"Ninayo," alisema Bi Mpangilio.

"Ulikichora kile kifuko?"

"Nilikichora."

"Basi ibebe," alisema mzee, akakata.

Baada ya hapo mwandishi alimrudia mama yake. Alipiga tena, simu ikaita tena bure. Kisha akasema, bila kugeuka, "Meza ile yote, dada. Kila kitu na kisahani chake."

Bi Mpangilio alikanyaga mafuta. Kila gari lililowazuia mbele alilichukia. Alijikuta anaomba vitu vya ajabu: mama wa watu awe ameteleza njiani, awe amechelewa kuamka, kuni ziwe zimelowa zisiwake. Aliomba hata mvua irudi. Jua, kwa ukaidi wake, likazidi kung'aa.

Nyumba ilikuwa mwisho wa njia ya udongo, ndogo, safi, na redio ilisikika tangu barabarani. Mwandishi alitoka gari likiwa bado linatembea. Bi Mpangilio alimfuata.

Mwalimu alikuwa nyuma ya nyumba, amesimama kwenye karo, anasuuza sahani. Moja tu. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye mgongo ulionyooka, miwani imening'inia kwenye kamba, na uso wake ulifunguka wote alipomwona binti yake.

"Leo kuna nini, mbona mmekuja bila taarifa? Mmechelewa, nimemaliza! Ningejua ningewaachia."

"Mama, umekula nini?"

"Salamu kwanza."

"Mama! Umekula nini?"

Mwalimu aliwatazama wote wawili. "Uyoga. Ule mweupe wa kitabuni. Nimeukaanga na kitunguu, saa nne hivi. Na nakwambia, ni mtamu, sijapata kuona. Miaka sitini natupa—" Akamgeukia mgeni. "Na huyu ni nani, mbona analia?"

"Mama," alisema Bi Mpangilio, "mimi ndiye niliyechora kile kitabu."

"Wewe!" Mwalimu alimkamata mikono yote miwili, na mikono yake ilikuwa na povu la sabuni. "Mwanangu, una mkono wa ajabu. Nimeutambua uyoga hatua kumi kabla sijaufikia. Kila mkunjo uko pale. Hata kile kifuko cha chini."

Hayo ndiyo yaliyommaliza. Kama angetukanwa pale angesimama wima. Alisifiwa, na kwa sifa ile ile ya haki, maana ni kweli alichora vizuri. Alichora vizuri kiasi kwamba mama wa watu alikwenda moja kwa moja kwenye kifo chake bila kupotea njia. Ilikuwa saa tano na robo. Uyoga ulikuwa umekaa tumboni saa moja na robo. Wakati wanapita yale malori, Mwalimu alikuwa anakata kitunguu.

Alimweleza. Sijui alipata wapi sauti. Mwalimu alisikiliza amekunja uso, kama anayesikiliza mwanafunzi akitoa sababu za kuchelewa. Kisha akazima redio, akakausha mikono.

"Lakini mimi ni mzima," alisema.

"Ndiyo, mama. Ndivyo uyoga huo unavyofanya."

"Tumbo halinisokoti, kichwa hakiniumi."

"Mama, twende. Nakuomba. Twende sasa."

"Nivae viatu vizuri basi. Siendi hospitali na kandambili." Na akaenda kuvaa viatu vizuri, akavifunga kamba, huku binti yake amepiga magoti akimsaidia na machozi yakidondokea kwenye ngozi ya kiatu. Bi Mpangilio alihesabu kila tundu la kamba. Yalikuwa kumi.

Njiani Mwalimu alikaa kiti cha nyuma na mkoba mapajani, akawachangamsha. Aliuliza kama Bi Mpangilio ana leseni, maana anaendesha kama mwizi. Alisema amefundisha watoto wakorofi miaka thelathini na tano, uyoga mmoja haumwezi. Hakuna aliyecheka. Kila alipokohoa, vichwa viwili vya mbele viligeuka.

Hospitalini daktari wa mapokezi alimtazama mgonjwa aliyeingia kwa miguu yake, amevaa viatu vilivyong'arishwa, akauliza nani anaumwa. Bi Mpangilio hakuingia kwenye maelezo. Aliweka picha mezani. Daktari aliinama, akaangalia mikunjo, akaangalia shina, akaangalia kifuko.

"Umekula huu? Huu hasa?"

"Huu hasa," alisema Mwalimu. "Ulifanana mno."

Daktari aliinuka. Aliita watu. Ndani ya dakika kumi Mwalimu alikuwa kitandani, amenyweshwa dawa nyeusi ya mkaa iliyompaka midomo na vidole, dripu mkononi, na viatu vyake vizuri viko chini ya kitanda vimeelekezwa ukutani.

Usiku ule sitausimulia. Kesho yake asubuhi ndipo tumbo lilipofunguka, na lilipofunguka hakukuwa na mzaha tena. Mwanamke yule mrefu alijikunja mpaka akawa mdogo kama mtoto. Siku ya tatu alipata nafuu, akaomba uji, na binti yake akalia kwa furaha. Lakini Bi Mpangilio alikuwa ameambiwa na Mzee wa Lenzi kwenye simu asiifurahie siku ya tatu. Siku ya tatu ndiyo inayodanganya. Ini huamua siku ya nne. Kwa hiyo wakati mwenzake analia kwa furaha, yeye alikaa kwenye benchi la koridoni na hofu yake, isiyoweza kugawanywa na mtu. Hakwenda nyumbani. Alikula alichoambiwa ale. Mwandishi hakumfukuza wala hakumsemesha. Alimletea maji mara mbili tu, akayaweka kando yake kwenye benchi, akaondoka.

Mhariri alipiga simu kila jioni. Nakala ishirini na sita zimerudi. Thelathini na tano. Thelathini na tisa. Ya arobaini ilipatikana kwenye ofisi fulani, imesukumwa chini ya mguu wa meza iliyokuwa inayumba, haijafunguliwa hata ukurasa. Bi Mpangilio aliposikia hilo alicheka peke yake koridoni, kicheko kibaya kilichomshtua hata muuguzi.

Siku ya nne, kabla ya adhuhuri, daktari alitoka na karatasi ya vipimo. Mwandishi alisimama.

"Namba zilipanda jana," alisema daktari. "Leo zimeanza kushuka. Kama mngemleta dalili zikishaanza, tungekuwa tunaongea mambo mengine. Ini lake linajitahidi. Atapona."

Mwandishi aliketi chini sakafuni, hivyo hivyo, na kujifunika uso. Bi Mpangilio alibaki ameshika ukingo wa benchi. Alitarajia hofu itoke. Haikutoka. Ilisogea tu kidogo, ikampisha apumue.

Mwalimu alimwita jioni ile, jua likiwa bado dirishani. Ngozi yake ilikuwa na umanjano na sauti imepungua, lakini miwani ilikuwa puani. Kitabu kilikuwa juu ya blanketi. Binti yake alikuwa amelala kwenye kiti, mdomo wazi.

"Kaa hapa," alisema. "Mwanafunzi akikosa, mimi simuulizi jibu. Namuuliza amefikaje huko. Nionyeshe ulivyofanya."

Bi Mpangilio alimweleza yote, polepole. Vikaratasi, shingo ya taa, feni, gundi iliyochoka. Kurasa za kuhakiki. Alipofika kwenye kadi aliingiza mkono mfukoni ili aonyeshe kwa ishara, akaikuta. Ilikuwa imekaa mle siku nne, imepinda kona moja. Aliitoa kwa aibu kama mtoto aliyekamatwa na kitu cha wizi.

"Nipe," alisema Mwalimu.

Aliipeleka jichoni. Aliangalia ukuta kupitia tundu lile, akaangalia chupa ya dripu, akaangalia kiti ambacho binti yake alikuwa amelalia. Kisha akamgeukia mchoraji, akamwangalia kwa muda mrefu.

"Naona zambarau," alisema. "Imepauka kidogo."

"Ni gauni langu, mama."

"Mtu simwoni."

Hakuisema kwa hasira. Aliisema kama mtu anayesoma kipimajoto. Lakini Bi Mpangilio alilia, kilio chote cha siku nne, kichwa ukingoni mwa kitanda, na Mwalimu alimwacha alie mpaka alipomaliza mwenyewe. Hakumbembeleza. Alimsogezea leso tu.

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe nikishatoka hapa. Sasa hivi nimechoka." Akamrudishia kadi. "Muuguzi ana mkasi. Hilo tundu ni dogo mno."

Bi Mpangilio aliomba mkasi. Mikono yake, iliyokuwa haijakosea mstari miaka ishirini na mitatu, ikakata vibaya, upande mmoja ukaenda mshazari. Alikata tena, akakata tena, mpaka kadi ikabaki fremu nyembamba. Mwalimu alifungua kitabu kwenye ukurasa ule ule na kumshikia. Bi Mpangilio akaiweka kadi juu, akainama kutazama. Aliona picha, na jina lisilo lake, na kidole gumba cha Mwalimu kilichoshika ukurasa, bado kina weusi wa mkaa pembeni mwa ukucha.